Saba Peke Yake Ndiye Aliyelowa

Tarehe 3 Machi

Kwa mwanangu mhandisi,

Pokea salamu zangu na za shangazi yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha kwamba nimemtaja. Haya, nimemtaja. Sisi wazima. Magoti yananung'unika kama kawaida yake, na masikio ndiyo usiulize: miaka thelathini na moja kando ya pampu imeyamaliza. Ndiyo maana nakuandikia. Simu tutabaki kuitana "haloo" mpaka salio liishe. Barua anakuletea dereva wa gari la vipuri, na majibu mpe yeye yeye.

Ukiona mwandiko umekandamizwa mpaka karatasi inataka kutoboka, usidhani nina hasira. Nimeweka kaboni chini. Nilizoea hivyo kwenye daftari la vipimo, nakala moja ofisini na nyingine kwangu, na sasa siwezi kuandika bila hiyo. Hata orodha ya sokoni ya shangazi yako ina nakala. Ananicheka mpaka anatafuta pa kukaa.

Vijana wa kampuni yako walimaliza jana. Vidude tisa vimefukiwa ndani ya tuta la bwawa, kila kimoja na kamba yake fupi ya kurushia mawasiliano imechomoza kama mkia wa panya. Kwenye ukuta wa chumba cha vipimo wamefunga taa. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Inaonekana mpaka kwenye nyumba zetu huku chini, na shangazi yako keshaipa jina, anaiita "taa ya mwanangu". Ulikuwa na miaka mitatu mama yako alipofariki akakubeba yeye, kwa hiyo wewe ni wake na taa ni yake.

Mimi wamenibadilishia cheo. Si msoma vipimo tena, naitwa mlinzi wa tuta. Lakini kila asubuhi bado nateremsha utepe wangu kwenye lile bomba la zamani na kuandika maji yamepanda kiasi gani ndani ya udongo. Hakuna anayeniuliza.

Sasa nieleze jambo moja. Hivi vidude vinaongea hewani, kila mtu anapita hapo. Mtu akichimbua kimoja, akakifundisha uongo, akakirudisha, wewe huko mjini utajuaje?

Mimi baba yako


Tarehe 20 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na shangazi. Mimi sijambo, ila kazi imenikaba. Hata nywele sijasuka mwezi wa pili huu, usimwambie shangazi.

Umeuliza swali ambalo wenzangu ofisini walichukua mwaka mzima kuliuliza. Iko hivi. Kila kihisi, yaani hicho unachokiita kidude, kikipima, hakitumi namba yake nzima. Kinaikatakata vipande, kinabaki na kimoja, vingine kinawagawia majirani. Anayekiteka kimoja anapata vipande visivyo na maana. Hilo ni la siri. La uongo nalo lina dawa yake: majirani wanasikilizana. Kimoja kikianza kusema mambo ambayo wenzake hawayaoni, wanakitolea ushahidi, na mtandao unakikata. Hakisikilizwi tena. Ili kuudanganya mtandao wangu lazima uteke vihisi vitano kati ya tisa, na huwezi kukiamuru kihisi kitu bila neno la siri.

Neno lenyewe nitakuambia wewe tu, kwa sababu limetoka kwako. Ni tarehe niliyozaliwa pamoja na kipimo cha maji cha asubuhi ile, kile unachonihadithia kila mwaka: ulivyoandika moja nukta tisa mbili mkono ukitetemeka, kisha ukakimbia hospitali na buti za kazini. Ilitakiwa kila kihisi kiwe na neno lake, lakini muda ulituishia, nikaona bora moja ambalo sitalisahau maisha yangu yote.

Mwambie shangazi taa yake isimzuie kulala.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Kwa mwanangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba tena. Hatujambo sote.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile sehemu ya neno nimeisoma nikiwa nimesimama, sijui kwa nini, nadhani niliona kukaa ni utovu wa adabu. Yaani mkono wangu mimi uliotetemeka ndio unaolinda tuta zima! Nililifungua lile daftari la zamani kabatini, nikaukuta ukurasa wenyewe, na mstari nilioupiga kwa wino mwekundu bado upo.

Juzi saa nne, wakati wa chai, nilimhadithia mkuu wa kituo jinsi ulivyozaliwa na nilivyoandika kipimo kile. Nilimwambia mwanangu hasahau alikotoka, hata kwenye mitambo yake nimo. Hajawahi kunisikiliza hivyo tangu ahamie hapa. Ni mtu mkavu, mwaka jana alikaripiwa vibaya kwa sababu kiwanda kinachotumia maji ya bwawa kilisimama siku kumi na moja maji yalipopunguzwa, na tangu hapo hacheki. Juzi kacheka.

Shangazi yako anasema nywele amejua. Usiniulize kajuaje.

Mimi baba yako


Tarehe 11 Mei

Shikamoo baba,

Habari za huko? Nasikia mvua imewakalia. Jifunike kifua.

Nina habari njema mpaka natamani ningekuwa na wa kumkumbatia hapa ofisini. Mtandao umekamata msaliti wake wa kwanza! Kihisi namba saba kilianza kusema maji yanapanda ndani ya tuta, majirani zake wote wakasema pakavu. Wakakitolea ushahidi, kikakatwa ndani ya dakika nne. Hakuna king'ora cha bure, hakuna kiwanda kusimamishwa. Mkurugenzi wetu ameniita mwenyewe. Tarehe kumi na tano Juni nitauwasilisha mbele ya mkutano mkubwa wa wahandisi, na mabwawa mengine mawili yanasubiri kuona.

Nakuomba kitu kimoja. Kifukue namba saba taratibu, kifunge kwenye nguo, mpe dereva aniletee. Nataka kujua ni nani alikigusa.

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 19 Mei

Kwa mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila shangazi yako ana kikohozi kidogo.

Nimefurahi kwa ajili yako, kisha nimekwenda kwenye tuta, na furaha imeniisha. Mwanangu, Saba hasemi uongo. Mvua imenyesha siku kumi. Nimefukua pale alipo, udongo unanata, ukiukamua unatoa maji. Ndipo nikafukua na kwa jirani yake Sita. Pamelowa vilevile! Nne pia, Tano pia. Wote wanaogelea, lakini anayesema kalowa ni Saba peke yake. Hao wengine wanasema pakavu kama Januari.

Utepe wangu unasema hivi: tarehe 9, mita mbili na sentimita kumi. Tarehe 13, mita mbili na sitini. Leo asubuhi, mita tatu na tano. Katika miaka yangu yote maji hayajafika tatu ila mara moja, na siku ile tulifungua milango yote ya maji bila kumuuliza mtu.

Saba sijakutumia. Nimemrudisha mahali pake, kwa sababu nadhani ndiye pekee aliyebaki upande wetu. Mrudishe kwenye mtandao, na uwaambie wapunguze maji. Mimi nimemwambia mkuu. Amenionyesha taa, ikiwa ya kijani, akaniuliza kama nimesahau kazi yangu mpya inaitwaje.

Mimi baba yako


Tarehe 27 Mei

Shikamoo baba,

Poleni na mvua, na shangazi nampa pole ya kikohozi.

Nimesoma barua yako. Naomba usinielewe vibaya, lakini huwezi kufukua vihisi. Ukishafukua umeingiza maji ya juu, halafu unaniambia pamelowa. Na utepe kwenye bomba la miaka hamsini, ambalo huenda limepasuka, unapima nini hasa? Wanane wanasema kitu kimoja na mmoja anasema kingine. Nikianza kumsikiliza yule mmoja kwa sababu baba yangu amemhurumia, basi sina mtandao, nina barua za nyumbani.

Sikusudii kukuvunjia heshima. Nimebakiza siku chache sana na kwa usiku nalala saa tatu tu. Mkutano ukiisha nakuja mwenyewe, tutapanda tutani pamoja, nikuonyeshe. Tafadhali usimsumbue mkuu wa kituo. Amelalamika kwa kampuni.

Mwanao


Tarehe 4 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Sina maneno mengi.

Asubuhi hii utepe umesoma mita tatu na themanini. Mguuni mwa tuta, upande wa nyumba zetu, kuna chemchemi ambayo haikuwepo. Maji yake si meupe, yanatoka na udongo. Maji yakitoka na udongo maana yake tuta linaliwa kwa ndani, hilo nililijua kabla hujazaliwa.

Mkuu ameninyang'anya funguo za chumba cha vipimo. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wahame kwa ndugu zao. Safu yetu wengi wamekubali. Shangazi yako amekataa. Ananiambia nina wivu na vidude. Nilipomshika mkono alinionyesha taa, akasema, "Ile ni ya mwanangu. Siku ikigeuka nyekundu nitakimbia kukupita wewe na magoti yako."

Hanisikii mimi. Andika wewe. Mistari miwili tu, useme huna hakika na mtambo wako. Atahama siku hiyo hiyo. Dereva nimemwomba aende leo leo bila kungoja zamu yake.

Baba yako


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Simu uliyopigiwa ofisini ilikuambia lililo kubwa, mimi nikuambie lililobaki. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua linawaka baada ya mvua zile zote. Shangazi yako alikuwa anaanua nguo. Mimi nilikuwa juu, mahali walipokimbilia wengine, namwona kabisa. Nilipiga kelele. Sijui kama alisikia, mimi mwenyewe sikujisikia. Tuta lilikaa chini taratibu sana, halikuwa na haraka, kisha likaondoka. Katika nyumba zote watu sita hawakuwa wamehama, na sita ndio tuliowazika. Chumba cha vipimo kilibaki kimesimama kwenye mwamba wake. Taa ilikuwa inawaka kijani mpaka jioni, wakaja kukata umeme.

Barua yako niliingoja kuanzia tarehe tano.

Sasa kuna jambo langu, na nisipoliandika litanila. Nimekaa nikajiuliza waliovifundisha vidude uongo walivifunguaje bila neno, nikakumbuka. Lile neno nimelitoa mimi. Ile siku ya chai nilipomhadithia mkuu wa kituo kipimo cha siku uliyozaliwa, nilimwambia hata mitamboni mwako nimo. Alitoa kalamu akaandika, na mimi nikadhani amependa hadithi. Wiki ile ile fundi wake wa mawasiliano alipanda tutani na kompyuta, ati anasafisha kutu. Alikaa kwenye kila kidude dakika chache, Moja mpaka Sita, Nane na Tisa. Saba alimwacha wa mwisho, na mvua ikamfukuza kabla hajamfikia. Wakawafundisha kusema pakavu, ili kiwanda kisisimame tena. Sina chuki nao kama niliyonayo na ulimi wangu. Nilijivuna, mwanangu. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyetoa ufunguo.

Mimi baba yako


Tarehe 30 Juni

Shikamoo baba,

Sijui niulize nini kuhusu afya. Pole baba. Pole. Nimeandika ukurasa mzima wa shangazi nikauchana, kwa sababu kila sentensi ilikuwa inanihusu mimi.

Barua yako ya tarehe nne niliipata tarehe nane. Sitakudanganya kwamba ilichelewa. Niliisoma nimesimama mlangoni, dereva bado ananitazama, nikaiweka kwenye droo. Nilijiambia mkutano ni wiki moja tu. Mistari miwili ile ingenichukua dakika moja, lakini ningekuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba sina hakika, na barua ya namna hiyo hupita mikononi mwa watu.

Tume ya uchunguzi imeundwa. Watakuita. Tafadhali usiwaeleze lolote la kiufundi, waambie mhandisi ataeleza. Niachie mimi, nitaandika taarifa nzima, najua namna ya kuyaweka. Na zile barua zangu usimpe mtu. Niamini baba, safari hii tu.

Mwanao


Tarehe 14 Septemba

Kwa Mhandisi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Shikamoo yako niliipata. Sijaiitikia.

Tume ilikaa jana, ukumbini shuleni, sisi tulio hai tukiwa kwenye madawati ya watoto. Wewe hukuja, ilikuja taarifa yako. Karani aliisoma kwa sauti na mimi sikusikia kitu, unajua masikio yangu. Nikaona tu watu wanageuka kunitazama, dawati baada ya dawati. Nikamwomba karani anipe karatasi nisome mwenyewe. Ni mtu mwema, alinipa.

Maandishi ni safi. Umeandika kwamba mtandao ulifanya kazi kama ulivyobuniwa. Umeandika kwamba neno la siri "lilivujishwa na mlinzi wa tuta, mtu asiye na mafunzo, kama alivyokiri mwenyewe kwa maandishi." Na barua yangu ya tarehe ishirini na moja umeiambatanisha, kuanzia pale niliposema kuna jambo langu. Ukurasa wa shangazi yako hukuuweka. Barua ya tarehe kumi na tisa Mei yenye vipimo hukuiweka. Ya tarehe nne hukuiweka. Umekata vipande, ukatuma kimoja. Nimetafuta katika kurasa kumi na nane mahali ulipoandika kwamba mlinzi huyo amekuzaa, sikupaona. Labda macho nayo yanaanza.

Baada yako walisimama wengine. Mkuu wa kituo alisema nilikuwa mropokaji tangu zamani. Fundi wake akasema ndivyo. Wa ofisi ya kiwanda akasema ndivyo. Wote wanasema jambo moja, na mimi peke yangu nasema jingine, kwa hiyo walichukua muda mfupi tu. Mkuu amehamishwa, mimi nimefukuzwa. Karani ananiambia yale mabwawa mawili yatafungwa vihisi vyako mwezi ujao, na safari hii kila kimoja kitakuwa na neno lake. Hilo ni jema. Nasema kweli, ni jema.

Mwishoni mwenyekiti aliniuliza kama nina karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba nilimwonya mtu. Umesahau kaboni, mwanangu. Kila nilichokuandikia nilikuwa nacho mfukoni mwa koti nililohama nalo, kimekunjwa, kimoja baada ya kingine, na barua yako ya Machi yenye neno lile kwa mwandiko wako. Mkono ulifika mfukoni. Nikamwambia mimi ni mlinzi tu, si karani.

Usifikiri nimekuokoa. Nilipokaa pale nilikuwa naona nguo zile za shangazi yako kwenye kamba. Alikufa anakuamini mpaka ncha za vidole, na kama ningezitoa zile karatasi, jioni yake mji mzima ungesema bibi yule aliuawa na taa ya mwanawe. Kwake nimeona haya. Kwako sijui ninachoona, nimechoka kukitafuta.

Dereva anakuletea bahasha mbili. Hii, na nyingine nene. Katika nene kuna nakala zote, na barua zako, na ule ukurasa wa daftari wenye mstari mwekundu, niliuchana kwenye kabati la chumba cha vipimo kabla mkuu hajaninyang'anya funguo. Saba naye yumo, nilimwokota kwenye matope maji yalipoisha, nimemfunga kwenye nguo kama ulivyoomba. Betri yake bado ina uhai. Fanya unavyotaka, hakuna nakala nyingine popote.

Na hii sikuiwekea kaboni.

Ni mimi,
Mlinzi wa tuta